Kwenye Tundu Tunaimba Moyoni

Pale hospitalini, mtu akikwambia anakwenda kwa Mama Noti, usidhani anakwenda kukopa. Wageni wengi walidhani hivyo. Walimfuata mwanamke wa watu mpaka kwenye mvuke wa chumba cha kufulia, wakamkuta amejifunga aproni ya mpira, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni, anavuta mashuka kutoka kwenye mashine kama anayevuta ng'ombe asiyetaka kutoka zizini. Noti zake zilikuwa za kuimba, do na re na mi. Hizo alikuwa nazo tele, na alizigawa bure.

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi. Baba yake alimfundisha noti kwa mkaa ukutani, angali mdogo, huku mama yake akilalamika kwamba nyumba inageuzwa jiko, na alichokipata ukutani ndicho alichokuja nacho kazini. Kwaya yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa kila aina: wapiga pasi, wasukuma vitanda, madereva wa gari la wagonjwa, wasichana wa dirisha la kuandikishia, na bwana mmoja mnene aliyetunza boila, ambaye wote walimwita Boila, kwa kazi yake na kwa sauti yake pia. Walifanya mazoezi zamu ya mchana ikiisha, katikati ya meza za kukunjia nguo, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi na hakuna mgonjwa wa kumwamsha.

Ubao hawakuwa nao. Mama Noti alichukua shuka lililochakaa, lile ambalo hospitali imeshalikatia tamaa, akaandika noti kwa wino wa kuwekea mashuka alama, usiotoka hata ukichemshwa, kisha akalitundika kwenye kamba kwa vibanio. Kila wimbo ulikuwa na shuka lake. Sasa, shuka lililochakaa lina matundu, hilo halihitaji shule. Kalamu ilipofika penye tundu, Mama Noti alichora mraba kulizunguka, kama mshonaji wa hospitali anavyofanya pale panapotakiwa kiraka, akaibandika noti ubavuni mwa mraba, akaendelea na safari yake. Siku ya kwanza kwaya ilipofika kwenye mraba ilikwama, kila mtu akimtazama mwenzake.

"Hapa tunaimba nini, mwalimu?" Boila aliuliza.

Mama Noti alikuwa amechoka siku hiyo, na mtu huyu hata akichoka mzaha haumwishi. "Hapo si pana tundu? Ukiimba kwa sauti, sauti itadondokea chini. Kwenye tundu tunaimba moyoni."

Wakacheka wakashika mbavu. Halafu wakaimba moyoni kweli, na kwenye noti iliyofuata wakatokea wote kwa pamoja, safi kabisa, hata wenyewe wakashangaa. Mzaha ukageuka sheria. Ukiona mraba, funga mdomo, noti iimbe kimoyomoyo, utokee upande wa pili. Wapya waliojiunga na kwaya walifundishwa hivyo, na wakaamini kwamba dunia nzima inaimba hivyo. Mimi najua kwaya nyingi, na sijaona nyingine yenye sheria kama hiyo.

Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili, ile ya wanawake ya chini. Ilikuwa sauti nzito, yenye joto, sauti ya kumtuliza mtoto na ya kumkemea mwizi. Watu wa wodi za juu walikuwa wakifungua madirisha mchana ili waisikie ikipanda na mvuke. Kwa hiyo ilipoanza kukwaruza, wa kwanza kugundua walikuwa wagonjwa. Mama Noti alijidai ni sabuni. Akanywa maji moto, akatafuna tangawizi, akajidanganya mpaka siku alipofungua mdomo kuwapa kwaya noti ya kuanzia, na badala ya noti ikatoka pumzi tupu. Mume wake, mstaafu mpole ambaye kwa kawaida hamwamrishi hata kuku, alisema, "Mama, leo tunakwenda kwa daktari. Sikuombi."

Kulikuwa na kinyama kooni. Kulitakiwa kisu, tena katika hospitali kubwa ya mji wa mbali, ambako binti yao alikuwa ameolewa. Daktari alikuwa kijana mwenye upole, akaketi naye, akamweleza bila kuzunguka.

"Tutakitoa, mama, na utapona. Utaongea pia. Lakini kuimba sitaki kukudanganya. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, na ikirudi inaweza isiwe ile uliyoizoea."

Hofu ya kisu Mama Noti hakuwa nayo. Alichoogopa ni kile kitakachobaki kisu kikishaondoka. Alipoamka baada ya upasuaji, amri ilikuwa kimya kabisa, hata kunong'ona marufuku, na asirudi karibu na mvuke na vumbi la kufulia mpaka kidonda kipone. Akahamia kwa binti yake, akakaa sebuleni na kipande cha ubao cha wajukuu na chaki, akiandika "chai" na "asante" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na kabla ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ametunga wimbo. Miaka yote aliyofundisha alifundisha nyimbo za watu, lakini msimu huo kabla ya kuugua, huku mashine ikizunguka, wimbo ulikuwa umemjia wenyewe, sauti zote nne. Ulihusu shuka. Aliyelala hapa jana ameamka, shuka limebaki na joto lake. Tulifue, tulikunje, amka nawe twende nyumbani. Basi, hayo tu. Aliutunga akiwafikiria wote waliowahi kuondoka hospitalini kwa miguu yao, ambao yeye hakuwaona sura, aliona mashuka yao tu.

Mashindano ya kwaya za makazini yalikuwa yanakaribia. Wapo wa benki, wapo wa posta, wapo wa umeme wenye suti zinazofanana hadi vifungo. Kwaya ya hospitali ilikuwa inakwenda kila mara na kurudi na cheti cha kushiriki, na vyeti hivyo vilikuwa vimejaa ukuta wa stoo, kwa sababu mwenyekiti wa kwaya alikuwa mtunza stoo. Huyo bwana hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu wa kuhesabu vitu, na kitu kisichokuwepo alikifuta.

Mdogo wake Mama Noti, msichana wa dirisha la kuandikishia na kiongozi wa sauti ya kwanza, alimtumia ujumbe. "Dada, mwenyekiti anasema mwaka huu tuimbe wimbo tunaoujua, tusikusumbue na ugonjwa. Halafu anatafuta mwalimu wa muda."

Mama Noti aliusoma mara mbili. Wa muda! Nani asiyejua kwamba cha muda ndicho hudumu? Mwalimu wa kwaya asiye na sauti ni mpishi asiye na ulimi, na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kumfuta taratibu. Akalia, bila sauti, kwa sababu hata kilio kilikuwa kimekatazwa. Kisha akajifuta uso, akaona jambo moja waziwazi. Kama sauti yake haitarudi, basi wimbo huu ndio sauti yake iliyobaki, na lazima uimbwe mbele za watu. Akaandika: "Mwambie mwenyekiti wimbo upo. Nawatumieni."

Lakini autume vipi? Hiyo ilikuwa miaka ile simu za kioo ndiyo kwanza zinaingia. Binti yake alikuwa nayo moja, ameinunua juzi na bado hajaibandua ile karatasi ya juu. Wakajaribu kupiga picha ya karatasi yenye noti. Ikafika kwa mdogo wake ukungu mtupu, kama picha ya mbuzi gizani. Basi Mama Noti akaamua kuziandika noti kwenye ujumbe wa kawaida, kila sauti na ujumbe wake. Akaona hata ni bora zaidi. Kila mwimbaji atakuwa na sauti yake mfukoni, Boila atajifunza akiwa anatazama moto wake, wapiga pasi watajifunza wakipiga pasi.

Herufi za noti zilikuwa rahisi, d na r na m. Tatizo ni kwamba noti ya juu sana huwekewa kamoja kadogo, yaani tarakimu ya moja iliyopunguzwa, kichwani, na ya chini sana kamoja kadogo miguuni, ili mwimbaji ajue apande au ashuke. Alitafuta tumoja hutu kwenye simu ya binti yake asubuhi nzima. Alipotupata, tumejificha nyuma ya tarakimu kubwa, alipiga meza kwa furaha hadi mjukuu akaamka. Akaandika siku baada ya siku, kwa kidole kimoja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Sauti ya pili na ya nne zilikuwa na noti nyingi za chini, kwa hiyo tumoja tulikuwa tele. Hakuacha hata pengo moja katika wimbo ule. Aliujaza sauti mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kimya alikuwa nacho cha kumtosha. Akatuma, akalala usingizi wa kushiba.

Sasa sikilizeni kilichotokea kule kwenye chumba cha kufulia, jambo ambalo yeye alikuja kulijua baadaye sana. Wasichana wa dirishani na madereva, yaani sauti ya kwanza na ya tatu, walikuwa na simu mpya mpya, na ujumbe uliwafikia kama ulivyoandikwa. Wapiga pasi, wasukuma vitanda na Boila, yaani sauti ya pili na ya nne, walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe zenye tochi kichwani, simu za watu wenye akili zinazokaa na chaji wiki nzima. Vitochi havikutujua tule tumoja. Na simu isiyojua herufi haiulizi, inachora kisanduku tu na kuendelea. Kila palipokuwa na kamoja, pakatokea mraba.

Mama Pasi, kiongozi wa sauti ya pili, alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma. "S, mraba. L, mraba. Jamani, mwalimu katuwekea matundu!"

Boila naye akafungua cha kwake. "Mimi yangu ndiyo usiseme. Shuka gani hili, limeliwa na panya?"

"We soma. Noti iko ubavuni mwa mraba, kama siku zote. Unaiimba moyoni."

"Yote haya moyoni? Moyo wangu si ukumbi."

Wakajaribu. Sauti ya kwanza na ya tatu zikapanda, na pale ambapo ya pili na ya nne zilitakiwa kushuka kuzipokea, zikanyamaza ghafla, halafu zikarudi. Mtunza stoo alitikisa kichwa, akasema wimbo una mapengo kama mdomo wa babu yake. Mdogo mtu akaingiwa na wasiwasi, akamwandikia dada yake: "Mama Pasi anauliza, tufuate kila alama uliyoweka?"

Mama Noti alipousoma aliona kiburi kimempanda hadi masikioni. Kidole kimetoka malengelenge kwa ajili ya alama zile, halafu waulize! Akajibu: "Kila alama. Atakayeruka hata moja nitamjua."

Basi, wangefanyaje? Wakaifuata kila alama, mdogo mtu akiwaongoza, maana mwalimu wa muda hakupatikana. Walijizoeza kunyamaza kwa bidii kuliko walivyowahi kujizoeza kuimba, maana kunyamaza pamoja ni kazi, jaribuni muone. Mdogo mtu alitaka kupiga simu ili dada asikilize mazoezi, lakini dada akakataa. Alisema simu itamletea kwaya iliyobanwa pua. Ukweli ni kwamba alijijua. Akisikia wimbo wake, koo lingeitikia lenyewe bila ruhusa ya daktari, na yeye hakuwa tayari kusikia kitakachotoka.

Hata ruhusa ilipokuja hakuwa tayari. Daktari alitazama kidonda, akasema sasa aongee, na akijisikia ajaribu hata kuimba kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa "asante", nalo likatoka nene, lenye mchanga. Mume wake, aliyekuwa amekuja kumchukua, akaangaza macho chumbani. "Jamani, mjomba kaja saa ngapi?" Akacheka naye, akampiga kofi la begani. Lakini ndani alivunjika. Akaongea tangu hapo, kidogo kidogo. Kuimba hakujaribu, si bafuni, si jikoni, wala kwa mjukuu aliyezoea kulazwa kwa wimbo. Maadamu hajajaribu, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba imekwisha.

Walirudi nyumbani siku ya mashindano yenyewe, wakaenda moja kwa moja ukumbini, mizigo mkononi. Kwaya ilimvamia nje kwa vigelegele. Mdogo wake alitaka amwachie nafasi ya mbele.

"Simama wewe," Mama Noti alisema kwa sauti yake ya mjomba. "Umewafundisha wewe. Mimi leo nimekuja kusikiliza."

Mtunza stoo alishusha pumzi kwa raha, naye Mama Noti alimwona. Akaenda kukaa na mume wake kwenye viti vya katikati, begi la safari miguuni, moyo unadunda kama mashine yenye shuka lililoelemea upande mmoja.

Wa benki waliimba, wa posta waliimba. Wa umeme walitingisha ukumbi mpaka taa zikapepesa, sijui kwa sauti au kwa desturi yao. Ukumbi ulikuwa na kelele za kutosha, watu wanajipepea kwa karatasi, watoto wanazunguka, viti vinalia. Kisha hospitali ikapanda na makoti yao meupe, yamepigwa pasi na wenyewe, hakuna kwaya iliyonyooka kama ile. Mdogo mtu akatoa noti, wakaanza.

Aliyelala hapa jana. Ilikuwa vile vile alivyoisikia kwenye mashine, na machozi yakamjaa Mama Noti papo hapo. Ameamka. Sauti ya kwanza ikapanda, akasogea mbele kwenye kiti kuisubiri sauti ya pili, yake mwenyewe, ishuke na kuipokea.

Haikushuka. Pakawa kimya chini, kimya cha kukatwa na kisu, na wale wasichana wakabaki juu peke yao, wananing'inia.

Macho yalimtoka. Wamesahau! Wamesahau mbele za watu! Alitaka kusimama apige kelele. Kisha sauti ya pili na ya nne zikarudi, nzima, mahali pake hasa, kana kwamba hakuna kilichotokea, na mstari ukaendelea mpaka zikakatika tena. Mume wake akamwinamia. "Ndivyo ulivyotunga?" Mama Noti alikuwa anazama. Wimbo wake pekee ulikuwa unararuka mbele yake, na yeye ndiye aliyeringa kwamba upo.

Tundu la tatu ndilo lililomshtua kwa namna nyingine. Aligundua kwamba hakuna anayejipepea. Viti vimeacha kulia. Mtu wa mbele yake alikuwa ameshika karatasi hewani, amesahau kuishusha. Kila mara sauti za chini zilipokatika, ukumbi mzima ulishika pumzi pamoja na wale wasichana waliobaki juu, na ziliporudi, watu wote waliachia pumzi kwa pamoja, akaisikia ikipita juu ya vichwa. Na Mama Noti akasikia, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho hakukiandika lakini kilikuwa kimekaa ndani ya wimbo muda wote. Lile lilikuwa shuka tupu la kitanda. Alipokuwa mtu sasa hayupo, unasimama mlangoni unaogopa, je, amekwenda nyumbani, au amekwenda kule kusikorudiwa? Halafu sauti ya pili inarudi: nyumbani, amekwenda nyumbani. Yeye aliyejaza wimbo kwa kuogopa kimya, kimya kimeuingia hata hivyo, na ndicho kinachowaliza watu. Akalia naye, kwa sauti sasa, bila kujali.

Walipomaliza, ukumbi ukalipuka. Wa umeme wenyewe walisimama na suti zao.

Aliwakimbilia nyuma ya jukwaa, wakamzunguka wote wakimuuliza kwa macho. "Nani," alisema, anahema, "nani aliyewaambia mnyamaze?"

Nyuso zikaanguka. "Si wewe?" mdogo wake akasema. "Dada, si ulisema kila alama?"

Mama Pasi akachomoa kitochi mfukoni mwa koti, akavaa miwani, akamwonyesha. "Haya matundu si yako?"

Mama Noti akaangalia. Miraba, mistari na mistari ya miraba, imepangwa ubavuni mwa noti zake kwa unadhifu kabisa. Alichukua simu ya mdogo wake, akaangalia ujumbe ule ule wa sauti ya pili aliomtumia naye, ambao mdogo mtu hakuwahi kuufungua: tumoja tumekaa vizuri, kila kamoja mguuni pa noti yake. Akarudi kwenye kitochi. Akaanza kutikisika mabega, wakadhani anaanguka, Boila akamdaka.

"Ni simu," alisema alipopata pumzi, machozi yanamtiririka kwa kicheko. "Simu zenu hazijui kusoma! Mimi niliandika mshuke chini, zenyewe zikawachorea matundu!"

Ilichukua muda kuingia. Mtunza stoo ndiye wa kwanza kushika kichwa. "Kwa hiyo tumekosea wimbo mzima?"

"Mzima," Mama Noti alisema. "Na Mungu awabariki, msithubutu kuurekebisha."

Boila akaangua kicheko kilichotikisa pazia, na hapo hapo jina la hospitali likatangazwa kwenye kipaza sauti. Nafasi ya kwanza. Si cheti, ni kombe, limeng'arishwa mpaka unajiona meno. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye mvi, alishika kipaza sauti. Alisema wazee hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkuu. Akauliza aliyeutunga yuko wapi, aje, na waurudie.

Mtunza stoo, kwa heshima yake, ndiye aliyeshika mkono wa Mama Noti na kumpandisha. "Mwalimu wetu," alisema kwenye kipaza sauti, kwa nguvu, bila neno la muda. Naye hakusimama mbele. Alikwenda kujipenyeza katikati ya wapiga pasi, na koti lake la safari, kando ya Mama Pasi, mahali pake pa siku zote. Mdogo wake akatoa noti.

Alifungua mdomo bila kutoa sauti. Aliimba moyoni ubeti mzima, alama kwa alama, na mwili wake wote ukajua njia. Wakafika mwisho. Amka nawe, twende, na lile tundu la mwisho, pana kuliko yote, pale ambapo yeye alikuwa ameandika noti ya chini kuliko zote katika sauti ya pili. Wapiga pasi wakafunga midomo, na Boila akafunga wa kwake. Wasichana wakabaki juu. Ukumbi ukashika pumzi.

Na koo la Mama Noti likaitikia lenyewe. "Nyumbani."

Haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nene, yenye mchanga, sauti ya mjomba. Lakini ilikuwa kwenye noti, katikati ya noti kabisa, na ilikaa pale chini ya wasichana, ikawashika. Haikudondoka. Katika viti vya katikati, mume wake alisimama, begi likaanguka, naye hakuliokota.

Makofi yalipopungua kidogo, Mama Pasi, miwani imejaa ukungu, alimfinya ubavuni. "Mwalimu, si ulisema kwenye tundu tunaimba moyoni? Mbona wewe umeimba?"

"Nilikuwa natia kiraka," Mama Noti alisema.